Marconi: Mtu aliyeipa sauti minara ya taa

KILA mwaka, mwezi Agosti, minara ya taa katika nchi nyingi za dunia hupata wageni wa siku mbili. Hufika Jumamosi wakiwa na betri, nyaya, milingoti ya kukunja na redio ndogo za mezani, nao huondoka Jumapili jioni wakiwa wamezungumza na watu wa mabara mengine.

Hao si walinzi wa minara, wala si mafundi wa serikali. Ni waendeshaji wa redio za ridhaa, yaani raia waliofanya mtihani na kupewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, bila malipo na bila kutangaza biashara.

Shughuli hiyo, iliyoanzishwa Scotland mwaka 1998, haina kombe wala zawadi. Kila kituo hutaja herufi zake za utambulisho na jina la mnara kiliko, kisha husubiri kujibiwa. Lengo ni kuwakumbusha watu kwamba minara hiyo, na meli za taa zilizobaki, vinahitaji kutunzwa.

Hata hivyo, redio haikupanda kwenye mnara wa taa kwa mara ya kwanza kama burudani. Ilipanda kwa sababu watu walikuwa wakifa baharini huku wenzao wa nchi kavu wakiwa hawana habari. Aliyeipandisha ni kijana wa Kiitaliano ambaye hakuwa na shahada yoyote, Guglielmo Marconi.

Marconi alizaliwa Aprili 25, 1874 katika mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland katika ukoo mashuhuri wa watengenezaji wa pombe kali.

Hakupata elimu ya chuo kikuu. Alisoma kwa walimu wa nyumbani na kwa vitabu, na akabahatika kuwa karibu na Profesa Augusto Righi wa Bologna, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa akichunguza mawimbi ya umeme yaliyothibitishwa na Mjerumani Heinrich Hertz.

Hertz alifariki dunia Januari 1, 1894, akiwa na umri wa miaka 36. Katika mwaka huo Marconi alianza kujiuliza kama mawimbi hayo, yaliyokuwa yakichezewa ndani ya maabara, yangeweza kubeba habari kutoka mahali hadi mahali bila waya.

Alifanyia majaribio yake juu, darini, katika nyumba ya wazazi wake iitwayo Villa Griffone, kijijini Pontecchio. Vifaa vyenyewe havikuwa uvumbuzi wake peke yake. Wengine walikwisha kutengeneza sehemu hii au ile, na kazi ya Marconi ilikuwa kuziunganisha, kuzirekebisha na kuzijaribu tena na tena.

Upande wa kurushia, umeme wa betri ulikuzwa mpaka ukaruka kwa cheche kati ya vipande viwili vya chuma. Upande wa kupokelea kulikuwa na kibomba cha kioo chenye unga wa chuma ndani yake. Wimbi lilipofika, unga ule ulishikamana na kuruhusu umeme upite, kisha kinyundo kidogo kiliugonga ili uachane na kusubiri wimbi lingine.

Cheche fupi ilikuwa nukta na cheche ndefu ilikuwa kistari. Kwa nukta na vistari, yaani alama za Morse zilizokuwa zikitumika kwenye simu za waya, maneno yoyote yaliweza kuandikwa.

Mafanikio yalikuja mwaka 1895 alipotoa mtambo nje, akaunganisha upande mmoja na waya ulioinuliwa juu na upande wa pili na ardhi. Umbali ukaongezeka hadi kufikia takribani kilomita mbili. Kaka yake, Alfonso, alisimama nyuma ya kilima akiwa na bunduki, na mlio wa risasi ndio uliokuwa ishara kwamba mawimbi yamefika upande wa pili.

Mwaka uliofuata Marconi, akiwa na umri wa miaka 21, alisafiri na mama yake hadi London. Huko alikuwa na ndugu wa upande wa mama waliomsaidia kupata wanasheria na mitaji. Juni 2, 1896 aliwasilisha maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi.

Uingereza lilikuwa chaguo la busara. Hapakuwa na taifa lililokuwa na meli nyingi kuliko hilo, na meli ikishatoka bandarini ilikuwa imepotea kwa macho na masikio ya wenyewe hadi itakapofika iendako. Simu ya waya iliweza kuvuka bahari, lakini haikuweza kufungwa kwenye chombo kinachotembea.

William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, alimpokea vizuri. Mei 1897 ujumbe uliruka juu ya maji ya mlangobahari wa Bristol, kutoka kisiwa cha Flat Holm hadi pwani ya Wales, umbali wa kilomita zipatazo sita. Miezi miwili baadaye kampuni ya Marconi iliundwa.

Kampuni hiyo changa ilihitaji mteja, na mteja mwenye shida ya kweli alipatikana kwenye minara ya taa. Shirika la bima la Lloyd's la London lilikuwa likitaka kujua ni meli gani zimepita karibu na kisiwa cha Rathlin, kaskazini mwa Ireland, lakini ukungu ulipotanda habari haikuweza kuvuka kwenda bara.

Kati ya Julai na Agosti 1898, wasaidizi wa Marconi walifunga mtambo kwenye mnara wa taa wa Rathlin na mwingine katika mji wa Ballycastle, ng'ambo ya maji. Meli ambazo mtu wa bara hakuweza kuziona sasa ziliripotiwa kwa simu ya upepo.

Kazi hiyo ilidai uhai wa mtu. Edward Glanville, kijana msomi wa Dublin aliyekuwa akisaidia majaribio hayo, alianguka kutoka kwenye genge la kisiwa hicho Agosti 1898 na kufariki dunia. Marconi alikuwa na umri wa miaka 24, na ndipo alipoona kwamba mambo aliyoyaanzisha darini kwa wazazi wake yalikuwa yamekwisha kuacha kuwa mchezo.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa likimngoja kusini mashariki mwa Uingereza. Mbele ya pwani ya Kent kuna mafungu ya mchanga yaitwayo Goodwin. Maji yakijaa, mafungu hayo hufichika, na maji yakitoka huonekana kama ufuko uliopotea njia katikati ya bahari. Kwa karne nyingi yamemeza meli, mabaharia na shehena zao.

Kwa kuwa haikuwezekana kujenga mnara juu ya mchanga unaohama, ziliwekwa meli za taa. Meli ya taa ni chombo kisicho na safari. Hutiwa nanga mahali pamoja, taa yake huwashwa usiku kucha, na mabaharia wake hukaa humo wiki baada ya wiki wakiwaonya wenzao wasisogee walipo wao.

Tatizo lilikuwa kwamba taa iliweza kuonya tu. Mabaharia hao walipoiona meli imepanda fungu, kilichobaki kwao ni kupiga mizinga na kurusha fataki, wakiomba upepo uwe upande wao ili mtu wa pwani asikie. Usiku wa ukungu, watu waliweza kuzama mbele ya macho yao pasipo msaada.

Desemba 1898, msaidizi mkuu wa Marconi, George Kemp, aliyekuwa baharia wa jeshi la majini, alipanda meli ya taa ya Goodwin Mashariki akiwa na sanduku za vifaa. Waya wa kurushia mawimbi ulipandishwa kwenye mlingoti. Ng'ambo, umbali wa takribani kilomita 19, mtambo mwingine ulifungwa katika mnara wa taa wa South Foreland, juu ya magenge meupe karibu na Dover.

Mnara huo ulikuwa na historia yake. Mwaka 1858 ulikuwa umetumika kujaribia taa ya umeme, ukiwa wa kwanza kuonyesha mwanga wa aina hiyo baharini. Sasa, miaka 40 baadaye, umeme uleule ulikuwa ukitumika kuupatia mnara sauti.

Mawasiliano yalianza Desemba 24, mkesha wa Krismasi. Kemp alipitisha sikukuu hiyo ndani ya chombo kilichokuwa kikiyumbishwa na mawimbi ya kipupwe, na mabaharia wa meli ya taa waliweza kupokea salamu kutoka nchi kavu, jambo ambalo hakuna mabaharia wa namna hiyo waliowahi kulipata kabla yao.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya salamu kugeuka kilio. Machi 17, 1899 meli ya mizigo iitwayo Elbe ilipanda fungu la Goodwin. Mabaharia wa meli ya taa waliona, wakatuma habari South Foreland, na kutoka hapo boti ya uokoaji ya Ramsgate iliitwa. Tukio hilo huhesabiwa kuwa la kwanza duniani ambapo simu ya upepo ilitumika kuomba msaada kwa ajili ya chombo kilichokwama.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo zamu ikawa ya meli ya taa yenyewe. Katika ukungu, meli ya moshi R. F. Matthews iliigonga. Safari hii mabaharia wake hawakuwa wakiwaombea wengine. Walijiombea wenyewe, na wakasikika.

Kati ya matukio hayo mawili, Machi 27, Marconi alirusha ujumbe kutoka Wimereux, Ufaransa, hadi South Foreland, umbali wa karibu kilomita 50. Magazeti ya Ulaya yalishangilia zaidi kuvukwa kwa mpaka huo wa maji kuliko boti ya uokoaji ya Ramsgate. Umbali ndio uliouza habari, na Marconi alilijua hilo.

Kwa hiyo akaufuata umbali. Desemba 12, 1901, katika kilima cha Signal Hill huko Newfoundland, alikaa na kipokezi sikioni huku waya wake ukiwa umebebwa hewani na tiara. Alitangaza kwamba amesikia nukta tatu za herufi S kutoka Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza, umbali wa takribani kilomita 3,500.

Wapo wataalamu waliotilia shaka tangazo hilo, na mjadala wake haujafungwa. Lakini miezi michache baadaye, akiwa ndani ya meli katika Atlantiki, alipokea mawimbi kutoka umbali mkubwa mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo hapakuwa na aliyemwona kuwa mtu wa ndoto. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, akigawana na Mjerumani Karl Ferdinand Braun.

Pamoja na sifa hizo, upo upande mwingine wa maisha yake ambao hauna budi kuelezwa. Kampuni yake haikuuza mitambo tu. Iliikodisha pamoja na waendeshaji wake, na waendeshaji hao walikatazwa kuzungumza na meli zenye mitambo ya makampuni mengine, isipokuwa kwenye hatari.

Kwa maneno mengine, sauti aliyoipatia bahari ilikuwa imewekewa mlango, na ufunguo alikuwa nao yeye. Mataifa yaliona hatari ya jambo hilo. Baada ya mkutano wa awali wa mwaka 1903, mkataba wa Berlin wa mwaka 1906 ulilazimisha vituo vya pwani kupokea ujumbe wa meli yoyote bila kujali mtambo wake. Mkataba huohuo ndio ulioipa dunia ishara moja ya kuomba msaada, SOS.

Umuhimu wa makubaliano hayo ulidhihirika upesi. Januari 1909 meli ya abiria Republic iligongwa na meli ya Florida karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Mwendeshaji wake, Jack Binns, alikaa kwenye mtambo ulioharibika chumba chake akiita, na watu zaidi ya 1,500 wa meli zote mbili wakaokolewa.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 1912, ilizama Titanic. Waendeshaji wake, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi, na wito wao ulisikiwa na meli ya Carpathia. Watu wapatao 1,500 walikufa, lakini zaidi ya 700 walifikishwa New York wakiwa hai. Marconi mwenyewe alikuwa mjini humo, na umma ulimwona kama mwokozi.

Mwaka huo haukuisha vizuri kwake. Kashfa ya ununuzi wa hisa ilizuka Uingereza ikiwahusisha mawaziri na jina la kampuni yake, ingawa yeye hakuwa mlengwa mkuu. Septemba, alipata ajali ya gari nchini Italia na kupoteza jicho lake la kulia.

Msiba wa Titanic ulileta pia sheria mpya. Nchini Marekani, vijana waliokuwa wakijitengenezea redio nyumbani walilaumiwa kwa kuchafua hewa, na sheria ya mwaka 1912 ikawasukuma kwenye mawimbi mafupi, yenye urefu wa mita 200 kushuka chini. Wataalamu wengi waliamini kwamba mawimbi hayo hayana faida yoyote.

Hapo historia iliwacheka wataalamu. Desemba 1921, Mmarekani Paul Godley alipiga hema Ardrossan, pwani ya Scotland, akasikia vituo vya wenzake wa ridhaa kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1923 watu wa ridhaa wa Ufaransa na Marekani walizungumza na kujibizana kuvuka bahari hiyo, kwa nguvu ndogo ya umeme.

Marconi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejenga vituo vikubwa vya mawimbi marefu, alikuwa amerudi kwenye mawimbi mafupi yeye mwenyewe. Akishirikiana na mhandisi Charles Franklin, na akitumia meli yake binafsi Elettra kama maabara ya baharini, alithibitisha uwezo wa mawimbi hayo. Mwaka 1926 huduma ya kibiashara ya namna hiyo ilifunguliwa kati ya Uingereza na Canada.

Ndani ya Elettra ndimo alimopitishia siku nyingi za utu uzima wake. Ndoa yake ya kwanza na Beatrice O'Brien, aliyefunga naye mwaka 1905, ilivunjika, na mwaka 1927 alimwoa Maria Cristina Bezzi-Scali. Machi 1930, akiwa ndani ya meli hiyo bandarini Genoa, alituma mawimbi yaliyowasha taa za maonyesho katika mji wa Sydney, Australia.

Julai 1934 alirudi, kwa namna fulani, kwenye mnara wa taa. Aliweka mtambo wa mawimbi mafupi sana Sestri Levante, pwani ya Italia, kisha Elettra ikaendeshwa madirisha ya chumba cha nahodha yakiwa yamefunikwa. Kwa kufuata mawimbi tu, meli ilipita katikati ya maboya mawili. Tatizo la ukungu wa Rathlin na Goodwin lilikuwa limepata jawabu jingine: taa isiyohitaji macho.

Lakini wakati huo mkono wake mwingine ulikuwa umeshikana na mkono mchafu. Alikuwa amejiunga na chama cha Kifashisti mwaka 1923, na Benito Mussolini alimfanya rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia. Nyaraka zilizochunguzwa baadaye zilionyesha kwamba chini ya uongozi wake wasomi wa Kiyahudi walizuiwa kuingia katika taasisi hiyo.

Kwa Waafrika, doa kubwa zaidi ni la mwaka 1935. Majeshi ya Italia yalipoivamia Ethiopia, yakaja kutumia hata gesi ya sumu dhidi ya watu wake, Marconi alisafiri nje ya nchi kuutetea uvamizi huo. Mtu aliyewasaidia mabaharia wa Goodwin wasikike alitumia jina lake kuwanyamazisha waliokuwa wakililia Ethiopia.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa miaka kadhaa. Alifariki dunia mjini Roma Julai 20, 1937, akiwa na umri wa miaka 63. Vituo vya redio katika nchi mbalimbali vilizima mitambo yao kwa dakika mbili, na hewa ikawa kimya kama ilivyokuwa kabla yake.

Mabaki yake yamelazwa Villa Griffone, chini ya nyumba alimoanzia. Meli ya Elettra ilichukuliwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili na kuzamishwa mwaka 1944.

Minara nayo ilibadilika. Mnara wa South Foreland ulizimwa mwaka 1988 na sasa ni mahali pa kutembelewa. Novemba 1998, walinzi wa mwisho wa minara ya Uingereza waliondoka North Foreland, katika Kent hiyohiyo, baada ya mitambo ya kujiendesha kuchukua kazi yao. Miezi michache baadaye, Februari 1999, alama za Morse ziliacha kuwa njia rasmi ya kuomba msaada baharini.

Hivyo, mwaka uleule ambao mlinzi wa mwisho alishuka ngazi huko Uingereza, watu wa ridhaa walianza kupanda. Kila Agosti mamia ya minara na meli za taa husikika tena, na baadhi ya vituo hivyo hutumia nukta na vistari vilevile vilivyotoka kwa Kemp mkesha wa Krismasi wa mwaka 1898.

Wanaoita hawaulizi mtambo wa mwenzao ni wa kampuni gani, wala taifa lake ni lipi. Huita, wakanyamaza, wakasubiri. Yeyote anayesikia anaruhusiwa kujibu, na mlango ambao Marconi aliufungua, kisha akataka kuufunga nusu, umebaki wazi.